UZI: Baiskeli za kutembea juu ya reli zilizoachwa, Nakuru hadi Magharibi

Fundi_Bondeni (Nakuru)

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu ni wa wanaopenda kuchezea vyuma, lakini hata mwenye maneno tu akaribie.

Matawi ya reli ya zamani mnayajua. Solai kutoka Rongai, Kitale kutoka Leseru (1926), Nyahururu kutoka Gilgil (1929), Butere kutoka Kisumu (1930). Yalijengwa kubeba mahindi, katani na mazao mengine hadi njia kuu. Baadaye malori yakaja yakala mzigo wote, nyasi zikaota kati ya mataruma (yale magogo yanayolala chini ya reli), na sisi tukazoea kuruka reli bila kuangalia kushoto wala kulia.

Mimi nimechukua baiskeli mbili za Black Mamba zilizochoka nikaziunganisha ubavu kwa ubavu, kila moja inakanyaga reli yake. Nawapa vipimo kwa sababu hapa ndipo mtu anapopoteza pesa. Reli yetu ni ya mita moja, lakini mita hiyo hupimwa kutoka uso wa ndani wa kichwa cha reli hadi uso wa ndani wa kichwa cha pili. Tairi haikanyagi ukingo, inakanyaga katikati ya kichwa. Kwa hiyo kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya nyingine nimeweka sentimita 106. Ukikata bomba kwa mita kamili, tairi zote mbili zitaning'inia pembeni.

Usukani nimeufunga kwa bolti, haugeuki hata kidogo. Kona inafuatwa na vigurudumu vinne vidogo, beringi nilizozivalisha plastiki ngumu, kimoja mbele ya kila tairi ya mbele na kimoja nyuma ya kila tairi ya nyuma. Vinashuka upande wa ndani wa reli. Visishuke sana, maana vikizidi sentimita mbili na nusu hivi vitaanza kugonga bolti za vile vibamba vinavyounganisha reli na reli.

Nimeijaribu kwenye njia ya pembeni ndani ya ua wa ghala moja, mwenyewe akiwa amesimama pale anacheka. Inateleza vizuri mno, unakanyaga pedeli mara chache halafu unakaa tu. Sasa nataka kuitoa nje. Niende wapi? Na nani mwingine amejaribu?

Kijana_wa_Kiti

Picha kwanza, maneno baadaye.

Fundi_Bondeni

Rangi haijakauka. Vumilia.

Omera_Mkweli (Kisumu)

Watu wana lami, wana boda, nyinyi mnatafuta reli yenye nyoka. Haya.

MsafiriYala

@Omera_Mkweli usicheke. Kuna nchi zinaingiza hela kwa kitu hichohicho. Korea Kusini kuna mji unaitwa Jeongseon, zamani walichimba makaa ya mawe. Migodi ikafungwa, reli ikakaa bure. Tangu 2005 watu wanalipa kupanda vigari vya pedeli, kilomita 7.2, sehemu kubwa ni mteremko, na ukifika mwisho kitreni kinawarudisha nyote. Ufaransa wana njia nyingi za namna hiyo zilizotawanyika mashambani. Marekani kuna kampuni iliyoanza 2015 kwenye reli ya zamani huko New York ya kaskazini.

Ila inayonivutia mimi si ya watalii. Ni ya Kambodia. Wale wana reli ya mita moja kama yetu. Vita vilipoharibu huduma ya treni, wanakijiji wakatengeneza jukwaa la mianzi, chini yake ekseli mbili za chuma na injini ndogo. Wakabeba mpunga, kuku, wagonjwa. Njia ni moja tu, sasa wakikutana wawili uso kwa uso? Mwenye mzigo mdogo anashuka, wanavua jukwaa, wanainua ekseli, mwenzake anapita, wanaunganisha tena. Dakika chache kazi imekwisha. Fundi, hapo ndipo pa kuiba ujuzi.

Mzee_wa_Toroli (Elburgon)

Kijana wangu Fundi, kazi yako nimeiona na nimeipenda. Mimi nilikuwa kwenye genge la mafundi wa njia ya reli, kisha nikasukuma toroli ya mkaguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kwa hiyo hii mnayoiita mpya, mimi niliifanya kwa mshahara.

Toroli ilikuwa na magurudumu manne ya chuma na benchi la mkaguzi juu yake. Sisi wawili nyuma tulikuwa tukikimbia miguu ikiwa juu ya reli yenyewe, si chini kwenye kokoto. Mteremko ukianza tunaruka kupanda, mmoja anashika breki. Ukiteleza hapo unaacha meno.

Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa haikuwa ya kuendesha. Ilikuwa ya kutoa. Toroli ambayo walio juu yake hawawezi kuinyanyua na kuiweka kando kabla treni haijatokea kwenye kona, toroli hiyo haingii njiani. Ndiyo maana nakuuliza: hayo mabomba yako umeyachomelea moja kwa moja? Baiskeli mbili zilizoshikana zina upana wa zaidi ya mita, na Black Mamba yenyewe ni nzito. Wewe na mwenzako mtaibeba vipi mkiwa kwenye mtaro uliochimbwa, ukuta huku na ukuta huku?

Kanuni ya pili: hakuna kuingia njiani bila stesheni masta kujua. Kulikuwa na tokeni, yaani kibali cha kuingia kwenye kipande cha njia, kulikuwa na simu ya stesheni kwa stesheni. Leo nyinyi mnaingia na simu ya mkononi na bahati.

Fundi_Bondeni

Mzee shikamoo. Mabomba hayajachomelewa. Bomba dogo linaingia ndani ya bomba kubwa, pini mbili kila upande. Ukichomoa pini zinabaki baiskeli mbili za kawaida, kila mtu anabeba yake.

Mzee_wa_Toroli

Marahaba. Basi hapo umefikiri. Ila pini zifungwe kwa kamba kwenye fremu. Pini ikidondoka kwenye majani huioni tena hadi mvua ya Aprili.

RidhaaYaMilima (Eldoret)

Mimi ndoto yangu ni moja. Panda na baiskeli hadi Timboroa, huko juu mita elfu mbili na mia saba na zaidi, halafu shuka na reli: Equator, Makutano, Maji Mazuri, Rongai, hadi Nakuru. Unashuka karibu mita 900 bila kukanyaga pedeli. Msitu, baridi, ukungu. Nani yuko tayari?

Mzee_wa_Toroli

Hapana. Hiyo si reli iliyoachwa. Ni njia kuu ya Malaba, na treni za mizigo zinapita. Zinapita kwa saa zisizotabirika, hata usiku. Na treni inayoshuka mteremko haina kelele unazozidhania. Injini haivuti, behewa zinateleza tu, upepo ukiwa unatoka kwako kwenda kwake husikii kitu. Tulimzika mwenzetu kwa jambo hilo, na alikuwa mtu wa kazi, si mgeni.

Futa ndoto hiyo.

RidhaaYaMilima

Nimeelewa mzee. Nimefuta.

NyarKisumo (Kisumu)

Naongezea hapo alipoishia Mzee. Neno "zilizoachwa" kwenye kichwa cha uzi huu linanitia wasiwasi. Sisi Kisumu tulikuwa tumeshaimaliza hadithi ya treni. Reli ile ilifika hapa 1901, ikatujengea mji, halafu ikanyamaza miaka mingi, watu wakaweka vibanda juu yake, wengine wakaanika omena. Ungeniuliza 2019 ningekuambia imekufa, leta baiskeli. Kisha ukafanyika ukarabati wa kilomita 217 kutoka Nakuru, na Desemba 2021 treni ya abiria ikaingia mjini tena. Ya Butere nayo, kilomita 69 kupitia Kisian, Maseno, Luanda na Yala, ikaguswa.

Yaani reli ikikaa kimya haina maana haina mwenyewe. Mnataka orodha? Nakuru hadi Kisumu: usiguse. Nakuru hadi Malaba: usiguse. Butere: usiguse. Kitale na Nyahururu zimekuwa zikitajwa kwenye mipango ya ukarabati, kwa hiyo hata leo ukikuta nyasi kesho unaweza kukuta genge. Inabaki Solai na njia za pembeni za viwanda na maghala. Hizo ndizo za kuzungumzia.

Na hata huko, ardhi na chuma ni mali ya shirika la reli. Kuingia bila ruhusa ni kosa, treni iwepo isiwepo.

Omera_Mkweli

Kwa hiyo uzi umekwisha.

NyarKisumo

Omera, uzi ndio unaanza. Sasa tunajua pa kwenda.

MwalimuFizikia (Kakamega)

Wacha niseme la breki, maana naona kila mtu anafurahia jinsi inavyoteleza. Kinachokufanya uteleze ndicho hichohicho kitakachokukatalia kusimama.

Tuseme mnakwenda kilomita 20 kwa saa, mwendo wa mwendesha baiskeli asiye na haraka. Hiyo ni mita 5.6 kila sekunde. Umeona ng'ombe mbele. Sekunde moja inapita kabla mkono haujabana breki: mita 5.6 zimekwenda. Reli ina umande wa asubuhi, raba juu ya chuma chenye maji haishiki, tuseme breki inakupunguzia mita moja kwa sekunde katika kila sekunde. Utahitaji mita 15 na zaidi kusimama. Jumla mita 21. Kwenye mteremko wa asilimia 2, yaani unashuka mita 2 katika kila mita 100, breki hiyohiyo inabaki na nguvu ya 0.8, na jumla inafika mita 25.

Kwenye lami ungekwepa. Kwenye reli hakuna kukwepa. Kona yenye vichaka inakuonyesha mita 15 tu? Basi mwendo wako usizidi kilomita 12 au 13 kwa saa, na hapo bado unasali. Fundi, una breki ngapi?

Fundi_Bondeni

Nne, kila gurudumu na yake. Lakini ni zile za vyuma vya zamani zinazobana rimu kwa chini, si za waya. Kila mwendeshaji ana mbili. Tatizo ni mmoja akibana na mwenzake asibane, chombo kizima kinajaribu kugeuka na vile vigurudumu vya pembeni vinalia kama nguruwe. Nafikiria fimbo moja inayobana breki za nyuma zote mbili kwa pamoja, na iwe mikononi mwa mtu mmoja.

MwalimuFizikia

Fanya hivyo. Na mwendeshaji huyo ndiye mwenye neno la mwisho. Wawili wenye maoni tofauti juu ya reli moja ni ajali.

Mkulima_KampiYaMoto

Mmeongea mengi kuhusu Solai, hamjauliza wa Solai. Shamba langu linapakana na reli hiyo.

Kwanza, mnaposema reli mnafikiria vyuma viwili vimenyooka hadi upeo wa macho. Karibuni mwone. Kipande ninachokijua mimi kuna mahali reli imezama kwenye udongo unaona kichwa tu. Kuna mahali mtu amepanda mahindi hadi katikati. Kuna mahali taruma hazipo, zimekuwa nguzo za geti. Kwenye makutano na barabara ya shamba, trekta zimejaza udongo ukakauka kama saruji, vigurudumu vyako vya sentimita mbili na nusu vitapanda juu na kuanguka nje.

Pili, njia hiyo ina watu. Watoto wanaifuata kwenda shule kwa sababu haina matope mengi na haina magari. Kina mama wanapita na kuni. Mbuzi ndio usiseme. Baiskeli isiyo na sauti inayotokea nyuma ya mama mwenye kuni kichwani, nani atalipa?

Tatu, na hili ndilo zito. Hapa tunafahamu vizuri sura ya vijana wanaokuja na chombo cha magurudumu kwenye reli, mchana wanasema wanapima, usiku chuma kinaondoka. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa? Ilikuwa kwa sababu ya uharibifu kama huo, nyaya na minara ya umeme. Nyinyi mkitokea na toroli mpya inayobeba kilo mia mbili bila jasho, mtakuwa mmewaletea wezi usafiri. Na wenyeji wakiwakuta jioni hawatawauliza mnatoka uzi gani.

Mzee_wa_Toroli

Mkulima amesema kweli tupu. Naongeza la mataruma. Kazi ya taruma si kubeba uzito peke yake. Ndiyo inayozishika reli mbili zisiachane. Zikikosekana kadhaa mfululizo, au zikawa za mbao zimeoza misumari imelegea, uzito wa mtu unasukuma reli kwa pembeni na ile mita moja inafunguka. Kwa macho huoni. Tairi moja inadondoka ndani na wewe unaruka mbele.

Tembea kwa miguu kwanza na fimbo iliyokatwa mita moja kamili. Iweke kati ya reli kila hatua kumi. Fimbo ikicheza zaidi ya upana wa kidole, weka alama. Na gonga kila kiungo kwa nyundo: kilichokaza kinalia kengele, kilicholegea kinatoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Fanya asubuhi na urudi saa saba mchana, maana jua likikolea chuma kinarefuka, na reli isiyo na nafasi kwenye viungo hupinda kama mjusi. Ile iliyokuwa sawa saa moja asubuhi si lazima iwe sawa saa saba.

Kijana_wa_Kiti

Mimi niliyeomba picha. Jina langu hapa si la mzaha: natumia kiti cha magurudumu, na barabarani baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu. Nakaa Kondele, Kisumu. Nimesoma yote nikiwa kimya.

Nyinyi mnaona baiskeli ya reli ni mchezo. Mimi naona hivi: haihitaji usawa, haihitaji usukani, haina shimo, haina matatu inayokusukuma kwenye mtaro. Kinachotakiwa ni nguvu ya mikono na breki. Ni barabara ya kwanza niliyowahi kuisikia ambayo mimi na mwenye miguu tuko sawa. Fundi, pedeli zinaweza kuja juu?

Fundi_Bondeni

Ndugu, zinaweza, na si kazi kubwa. Krenki, yaani mikono inayoshika pedeli, inapandishwa kwenye mhimili mbele ya kifua, cheni ndefu inashuka hadi gia ya nyuma. Upande mmoja wa pacha nauondoa siti naweka kiti chenye mgongo na mkanda, upande wa pili mwenzako anakanyaga kwa miguu. Kiti kiwe chini zaidi kuliko siti ya baiskeli, na hilo linasaidia chombo kizima kutulia.

Ila nakuuliza wazi, usikasirike. Ile kanuni ya Mzee ya kutoa. Ikibidi kushuka haraka?

Kijana_wa_Kiti

Sikasiriki, ni swali zuri. Mkanda uwe wa kufunguka kwa mkono mmoja. Kiti kiwe usawa wa kiti changu ili nijivute mwenyewe. Mwenzangu awe mtu anayejua kunishika, si mtalii niliyekutana naye asubuhi. Na njia iwe ile ambayo hakuna treni kabisa, iliyofungwa kwa maandishi. Lakini msiniambie "tutakuangalia ukiwa pembeni". Nimeangalia pembeni vya kutosha.

NyarKisumo

Hapo sasa. Kwa hiyo tusitafute kilomita arobaini za Solai. Tutafute kilomita moja. Njia ya pembeni, tambarare, isiyounganika tena na njia kuu, yenye mwenyewe anayejulikana. Barua kwa shirika la reli ikisema kipande kipi, saa ngapi, watu wangapi, na nani anawajibika. Ombi dogo hujibiwa, ombi kubwa huwekwa kwenye faili.

MsafiriYala

Jeongseon nao ni kilomita 7 tu, na dunia nzima inakwenda.

Omera_Mkweli

Nauliza kwa heshima mara hii. Na watu wa pale wanapata nini? Mkulima ameuliza, mmempita.

Fundi_Bondeni

Hatujampita. Naona hivi: kufyeka njia na kuondoa udongo kwenye makutano kulipwe kwa vijana wa palepale. Mtu mmoja wa kijiji atembee mbele na kitambaa chekundu kila safari, na alipwe kila safari, si kwa mwezi. Anayejua kila taruma iliyokuwepo jana ataona iliyopotea leo, na wezi wa chuma hawapendi watu wa namna hiyo. Chombo chenyewe kikilala, kilale kimevuliwa pini, nusu kwangu na nusu kwa mzee wa mtaa. Hata mwizi akichukua nusu ana baiskeli tu.

Kuna kipande nyuma ya maghala upande wa Rongai, kama mita mia tisa. Mwenye ghala amekubali kwa mdomo, barua ya shirika la reli naiandika wiki hii. Mzee, utakuja na fimbo yako ya mita?

Mzee_wa_Toroli

Fimbo ninayo, nyundo ninayo. Leteni nauli na chai.

MwalimuFizikia

Nitakuja na saa na mifuko ya mchanga. Breki zijaribiwe na mchanga kwanza kabla ya binadamu, na reli iwe imemwagiwa maji.

Mkulima_KampiYaMoto

Rongai si mbali, nitafika kuwaona. Barua ikijibiwa na mkitaka siku moja kuja huku kwetu, pitieni kwa mzee wa mtaa kwanza, msipitie kwenye mahindi yangu. Na mbuzi nitawafunga hadi saa sita tu. Baada ya hapo wana haki zao.